Plasta Isiyoguswa

Wajukuu zangu wanadhani ni mchezo. Mtoto akija kuniamkia, nashika mkono wake, nabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, naachia, kisha nangoja wekundu urudi. Wao hucheka na kunipa mkono wa pili. Mke wangu hacheki, wala haulizi. Nimefanya hivyo ndani ya mabasi, msikitini, harusini, hata kwa watoto wa watu nisiowajua ambao mama zao hunitazama kwa jicho baya. Kuna mkono mmoja ambao wekundu wake haukurudi, na bado nautafuta.

Nilikuwa kijana mwenye majivuno. Nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma kabla ya wakati. Nimezaliwa Kerenge, upande wa Korogwe, nyumbani tukisema Kishambaa. Baada ya mafunzo ya utabibu msaidizi nilipangiwa kijiji kipya cha ujamaa huko Handeni, ndani kutoka Mkata, kwa Wazigua. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka kwenye makazi yao ya zamani, na wengine walifika wamebeba milango ya nyumba zao kichwani. Nyumba zilisimama kwa mistari, nusu yake hazijaezekwa. Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya matofali mabichi. Ndani yake mlikuwa na mimi, vidonge vya malaria, aspirini, dawa ya buluu ya vidonda, na makopo manne ya bandeji za plasta.

Plasta ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Unailoweka majini, unaizungusha kwenye mkono uliovunjika ikiwa laini, na baada ya muda mfupi inakuwa ngumu na nyeupe. Watu walikuja kuigonga kwa kidole na kutikisa vichwa. Nilijifunza kuifunga kwa wiki chache tu kwenye hospitali kubwa, nikimsaidia mtu aliyeijua, lakini pale kijijini nani angeniuliza?

Mwalimu wetu wa mafunzo alikuwa mtu wa kugonga meza. Alitufundisha kwamba mfupa wa mtoto si mfupa wa mtu mzima uliopunguzwa kimo. Ni kijiti kibichi: hupinda upande mmoja, hupasuka upande wa pili, na huunga upesi. Mtoto akivunjika chini ya kiwiko, ukamnyoosha na kumfunga vizuri, baada ya wiki kadhaa anapanda tena mti uliomwangusha. Lakini kiwiko chenyewe, alisema, msikiamini. Pale ndipo mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu inapopita karibu kabisa na mfupa, na uvimbe ukijaa hauna pa kwenda. Kiwiko kilichovunjika kipigwe picha. Kama hamna mashine ya picha, mpelekeni mtoto palipo na mashine. Akipita mezani kwangu aliona nimeyaandika yote kwa mwandiko mzuri, akanisifu.

Watoto wa kijiji kile walivunjika sana. Walianguka kutoka kwenye paa zisizoezekwa, walianguka kutoka kwenye trela la trekta, na zaidi ya yote walianguka kutoka kwenye madungu, vile vichanja virefu vya miti ambavyo mtoto hukaa juu yake shambani kufukuza ndege na nyani mahindi yanapokomaa. Kwangu mimi msimu wa mahindi ulikuwa msimu wa mifupa.

Kabla sijafika, waliovunjika walipelekwa kwa bibi mmoja aliyekaa karibu na kisima. Alikuwa mwembamba, mkali, mnusaji wa ugoro, na mtu asiyemaliza sentensi bila kumkosoa mtu. Aliunga mifupa kama mama yake na bibi yake walivyounga. Alipapasa mpaka apate penye kasoro, akavuta, kisha akafunga kwa vijiti vya mianzi vilivyosukwa pamoja mfano wa kijamvi. Na kila asubuhi alifungua. Alikanda kwa maji ya moto, akamwambia mtoto achezeshe vidole, akafunga upya. Jambo hilo lilinichekesha kuliko yote, mtu anaunga kitu huku anakifungua! Halafu kulikuwa na kuku. Siku ya kumfunga mtoto, bibi alivunja mguu wa kuku, akaufunga vilevile, akamwachia uani. Siku kuku alipoanza kuparura kwa mguu ule, ndiyo siku mtoto alipofunguliwa moja kwa moja.

Katika mkutano wa kijiji nilipewa nafasi ya kusema habari za afya. Nilisema habari za vyoo, nikasema habari za kuchemsha maji, na nilipoona watu wanasinzia nikaingia kwa kuku. Niliuliza kama kuku yule naye ameandikishwa kuwa mwanakijiji. Niliuliza kama anahudhuria mikutano. Watu walivunjika mbavu, na bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele na kopo lake la ugoro. Nikamaliza kwa kuahidi kwamba hakuna mtoto atakayevunjika tena akahitaji kuku, maana serikali imeleta plasta. Mwenyekiti akasimama akatangaza kuwa tangu siku hiyo aliyevunjika apelekwe zahanati tu, na atakayempeleka mtoto kwingine atajieleza. Watu wa wakati ule walijua maana ya kuambiwa utajieleza.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliyeudharau sikuota kitu.

Msimu ule ule waliniletea mtoto wa kike, miaka saba hivi, aliyeanguka kutoka dunguni akajikinga kwa mkono wa kulia. Baba yake alimbeba mbio kutoka shambani, mama nyuma yake ameshika kanga isimwanguke. Kiwiko kilikuwa kimeshaanza kuvimba na kilikuwa na umbo ambalo kiwiko hakipaswi kuwa nalo. Nilijua ninachokitazama. Nilijua pia kwamba kesho yake asubuhi lori lilikuwa linakuja kunichukua kwenda Handeni mjini kufuata dawa, na lingepitia Mkata, na Mkata kuna mabasi ya Korogwe, na Korogwe kuna mashine ya picha. Ilikuwa kazi ya kumfunga kitambaa shingoni, mkono utulie bila kubanwa, na kungoja kukuche.

Baba akaniambia kwa adabu, "Daktari, hapa haiwezekani? Kwenye mkutano ulisema inawezekana."

"Inawezekana," nikamjibu.

Nikauvuta mkono mtoto akipiga kelele, nikaukunja, nikaufunga. Sikushika mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono kabla ya kufunga, wala baada. Nilizungusha plasta mzunguko mzima, tangu karibu na kwapa mpaka kwenye vidole, sikuacha hata ufa, juu ya mkono ambao uvimbe wake ndio kwanza ulikuwa unaanza. Niliilainisha kwa kiganja mpaka ikang'aa. Ilikuwa plasta nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga, na nilisimama mlangoni nikiitazama inavyoondoka begani kwa baba yake.

Maagizo niliyowapa nayakumbuka neno kwa neno. "Plasta hii mtu asiiguse. Si baba, si mama, na hasa yule bibi. Akilia mpeni nusu ya aspirini. Mtoto kulia ni kawaida."

Asubuhi, nikiwa nafunga mlango wa zahanati, bibi akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yule mtoto kalia mpaka sauti imemkauka."

"Kavunjika mkono, bibi. Ulitaka acheke?"

Hakulichukua lile kama utani. "Kilio cha mfupa nakijua tangu hujazaliwa wewe. Mfupa ukishatulizwa, kilio hupungua. Huyu kinazidi. Nimepita kwao, nimemshika vidole, ni vya baridi. Nimemnyoosha kimoja kidogo tu, karuka. Nenda ukamfungue."

"Hivi si vijiti vyako vya kufunguliwa kila asubuhi."

"Basi kapasue upande mmoja, mkono upumue. Mimi nitakushikia."

Lori likapiga honi. Nyumba ya yule mtoto ilikuwa ya kumi kutoka zahanati, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole vya baridi, uchungu wa kunyooshwa kidole: yote matatu yalikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko ule mzuri. Lakini yalipotoka kwenye kinywa chenye ugoro sikuyatambua, au niliyatambua nikakataa kuyapokea kutoka kwake. Nikamwambia bibi aende zake na asithubutu kumgusa mgonjwa wangu. Nikapanda lori.

Handeni nilikaa kuliko nilivyopanga, kwa kuwa mwenye ufunguo wa stoo ya dawa alikuwa msibani. Nilikula vizuri, nikakutana na wenzangu niliosoma nao, nikawasimulia habari za kuku. Walicheka sana, na mpaka leo mtu akicheka kwa sauti hotelini mimi hupoteza hamu ya kula.

Niliporudi siku ya tatu, mama wa mtoto alinipokea njiani ana furaha. "Kanyamaza, daktari," akasema. "Tangu jana halii kabisa. Dawa imefanya kazi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nililiangusha sanduku la dawa pale pale barabarani nikakimbia.

Nilimkuta amelala mkekani. Mkono wenye plasta ulikuwa umeinuliwa juu ya rundo la kanga zilizokunjwa vizuri, na mbele yake alikuwa amekaa bibi, ameshika vidole vyake kwa kitambaa chenye maji ya moto. Vidole vile vilikuwa na rangi ambayo sitaiandika. Kumbe bibi alikuwa hapo siku zote mbili. Aliuinua mkono ili uvimbe ushuke, akapasha vidole, na akamsihi baba aipasue plasta hata kwa panga. Baba alikuwa akimjibu jambo moja tu: daktari amesema isiguswe, je, yeye bibi anataka wakajieleze? Walinitii. Katika maisha yangu yote sijawahi kutiiwa namna ile.

Nilipasua plasta. Mkono chini yake ulikuwa mgumu kama ubao na una malengelenge. Mtoto hakulia. Alinitazama nikifanya kazi, na nilipomaliza alinyoosha mkono wake wa kushoto, akavishika vile vidole kimoja kimoja, akamgeukia mama yake.

"Mama," akauliza, "hivi vya nani?"

Sauti ile ndiyo inayonijia. Hainijii ndotoni, ndoto ningezivumilia. Hunijia ninaponawa, ninapofunga vifungo vya shati, ninapohesabu vidonge. Hivi vya nani?

Tulimpeleka Korogwe siku ile ile, kwa trekta mpaka Mkata, kisha kwa basi. Daktari wa hospitali alikuwa mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliniuliza nani alifunga, nikasema mimi. Aliniuliza lini, nikamwambia. Akahesabu siku. Akasema mfupa wala haukuwa shida, mfupa ungeunga. Nyama za mkono ndizo zilizokosa damu, na nyama haziwezi kukaa siku bila damu. Hazikai hata nusu siku. Ningeipasua plasta asubuhi ile, akasema, labda. Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza.

Mkono haukukatwa. Alikaa wodini muda mrefu, akasafishwa vidonda, akapandikizwa ngozi, na aliporudi kijijini mkono ulikuwa umenyauka chini ya kiwiko na vidole vimejikunja kuelekea kiganjani, havifunguki. Alikuwa mtoto anayetumia mkono wa kulia. Mwaka ule alitakiwa kuanza shule.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikuwahi kuliandika popote. Jioni moja baba wa mtoto alikuja zahanati pamoja na mwenyekiti. Baba alikuwa amekonda. Aliniuliza kwa heshima ile ile, "Daktari, watu wanasema bibi alikuwa akimshikashika vidole wakati wewe hupo. Je, hilo ndilo lililouharibu mkono?"

Bibi alikuwa mlangoni. Sijui kama aliitwa au alikuja mwenyewe. Nilimwona, naye aliniona.

Nikasema, "Huenda."

Neno moja. Sikusema ndiyo, na kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba kutosema ndiyo kulikuwa na maana. Nilimsubiri bibi apige kelele, anitukane kwa Kizigua, amweleze mwenyekiti aliyoniambia asubuhi ile mbele ya zahanati. Mtu aliyekuwa na ulimi kama ule! Alifungua kopo lake, akanusa, akafuta pua, akaondoka.

Baada ya hapo hakuna aliyempelekea mtoto, wala jirani hakumruhusu ampakate mtoto mchanga. Wakamwita mkausha mikono. Ukubwa ni jalala, ndivyo wasemavyo, lakini taka ile niliimwaga mimi.

Mimi nilibadilika, tena vizuri, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Sikufunga tena plasta ya mzunguko kwenye mkono mbichi. Niliweka kipande upande mmoja tu, nikakishikilia kwa bandeji laini, mkono uwe na nafasi ya kuvimba. Viwiko vyote nilivipeleka Korogwe. Kila mama nilimfundisha kubonyeza ukucha na kungoja wekundu, kuweka mkono juu ya mto, kumwambia mtoto apunge vidole asubuhi na jioni. Niliwaambia, mtoto akilia kuliko jana, au akinyamaza ghafla na vidole ni baridi, fungueni kwanza ndipo mje kunitukana. Waliofunguliwa walipona. Wakubwa wangu walinisifu kwa uangalifu. Hakuna aliyeniuliza nilijifunza kwa nani, nami sikumtaja.

Nikahamishiwa Makuyuni, nikaoa, nikapata watoto. Miaka ikapita, kumi na zaidi. Asubuhi moja ya kliniki ya chanjo, katika foleni ya akina mama, nikauona mkono kabla sijamwona mwenyewe. Vidole vilikuwa vimejikunja vilevile, na juu ya kiganja kile kilichofungika alikuwa amemlaza mtoto wake mchanga, akimshikilia kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameolewa karibu na hapo.

"Shikamoo, daktari."

Nikaomba mwenzangu ashike foleni, nikamwingiza chumba cha ndani, na nikayasema yote nikiwa nimesimama, haraka, nisije nikaghairi. Nikamwambia mkono wake haukuharibiwa na bibi. Uliharibiwa na plasta yangu. Bibi aliniambia niifungue nami nikapanda lori, na baba yake aliponiuliza nikamwachia bibi lawama.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimtikisa mtoto asiamke.

"Najua," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Mama. Na mama aliambiwa na bibi, wiki ile ile mliponirudisha kutoka Korogwe. Mama alitaka aende kwa mwenyekiti akuseme. Bibi akamkataza. Alisema ukisemwa, watu hawatakanyaga zahanati tena. 'Mifupa naiweza,' alimwambia, 'lakini homa siiwezi. Watoto wa homa nitawapeleka wapi? Mkono umeshakwenda. Msimpoteze na daktari.'"

Nikamkumbuka mama yake. Alikuwa akiniletea wadogo zake huyu wakiwa na homa, mwaka baada ya mwaka, akinisalimia vizuri, akishukuru, akibeba vidonge vyake na kwenda. Alijua kila mara. Nikakaa chini kwenye sanduku la chanjo.

Nikamuuliza bibi yuko wapi, ingawa nilikuwa nimeshahesabu umri wake.

"Alifariki mwaka juzi."

"Msiba ulikuwa na watu?"

Alimfunika mtoto vizuri kwanza. Nadhani alikuwa anapima kama jibu nitaliweza.

"Watu hawakuja," akasema. "Hata wa kumwosha tuliwakosa, walikuwa wanaogopa mikono yake. Mama ndiye aliyemwosha. Mimi nilikuwa namimina maji."